Viti Sitini na Viwili

Nikisikia neno "mdau" kichwa kinaniuma. Nimekaa meza ya mapokezi ya idara ya elimu ya wilaya miaka kumi na tisa, na kila anayetaka kushirikiana na shule zetu lazima apite kwangu kwanza. Nimewaona wote. Wapo walioleta mipira mitatu na wapiga picha sita. Wapo waliopaka rangi ukuta mmoja, ule unaotazama barabara. Na wapo wale waungwana walioipa shule ya mtaani kwetu meza tisini, mpya, zinang'aa, wakaahidi kwamba viti vinafuata. Huu mwaka wa tatu vinafuata. Sijui vimepotelea njia gani.

Meza bila viti, jamani! Watoto wanaandika wamesimama, wengine wamekalia matofali, wengine wamebanana kwenye mabenchi ya kuazima. Ndipo ikaja barua ya mitihani ya darasa la mwisho: kila mtahiniwa awe na meza yake na kiti chake, na shule ambayo haitakuwa tayari kufikia Jumanne saa tisa alasiri, watoto wake watafanyia mtihani kituo kingine. Kituo kingine kiko ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Mwaka juzi shule nyingine ilihamishwa hivyo hivyo, na watoto kumi na mmoja hawakufika. Mtihani haumsubiri mtu.

Barua ile niliisoma mara mbili, maana kati ya watahiniwa sitini na wawili wa shule ile mmoja ni wangu. Ni binti wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu ana miaka minne, ananiita mama mkubwa, na ana akili mpaka walimu wake wanamwogopa. Ila ana pumu. Akitembea alfajiri kwenye baridi kifua kinambana, midomo inabadilika rangi. Kuvuka bonde lile siku tatu mfululizo asingeweza, hilo nililijua kama ninavyojua jina langu.

Mkuu wangu, Afisa Elimu, alipiga simu kila mahali akitafuta viti. Wadau wote walikuwa kwenye semina. Ijumaa asubuhi mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja mfupi mwenye viganja vipana, akasimama mbele yangu bila kuketi.

"Dada karani, shikamoo haikuhusu, tumelingana. Nimekuja kwa habari ya viti."

Nilimfahamu, na sikufurahi kumwona. Mtaa mzima unamwita Mama Viti. Ndiye mtunza stoo wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Mdogo wangu alikuwa mwanachama, na alipofariki wale watu walifanya kila kitu, kuanzia kuchimba hadi kuosha sufuria ya mwisho. Hilo sikatai. Lakini siku ya kumi Mama Viti alikuja kudai kiti. Ndiyo desturi yao: kila anayezikwa, ndugu zake wanatoa kiti kimoja cha mbao, kinaandikwa jina la marehemu mgongoni, kinaingia stoo. Hivyo ndivyo viti vyao vilivyoongezeka miaka yote hiyo.

Nilimwakia! "Nimemzika mtu juzi, leo mnanidai fenicha?" Nikaenda kwa seremala kwa hasira, nikachukua kile cha bei ya chini kuliko vyote, kilikuwa na mguu mmoja mfupi, kinayumba mpaka aibu. Nikakitupa mlangoni mwa stoo, nikaondoka bila hata salamu. Tangu siku hiyo nikienda msibani nasimama.

Basi nikampa fomu ya ushirikiano, kurasa nne. Akasema miwani ameiacha, nimsomee.

"Lengo kuu la chama?"

"Kuzika."

"Wanufaika?"

"Marehemu."

Nikainua macho. Hakuwa anatania. "Mafanikio ya chama kwa miaka mitatu iliyopita?"

Akafikiri kidogo. "Hakuna aliyebaki juu."

"Mipango ya baadaye?"

"Dada, watu wataendelea kufa tu. Andika hivyo."

Nilicheka mpaka Mkuu akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Alipoisoma fomu yeye hakucheka. "Chama cha mazishi? Kwenye chumba cha mtihani? Wazazi watasema tunawatakia watoto uchuro!"

"Mheshimiwa," Mama Viti akamwambia taratibu, "sisi tukipigiwa simu saa mbili asubuhi, saa sita mchana watu mia mbili wameketi, wamekula na wamepewa maji ya kunawa. Nyinyi habari hii mmeijua tangu lini?"

Tangu mwezi uliopita. Mkuu akajikuna shingo.

"Na msiba ukitokea siku ya mtihani?" akauliza.

"Tutakaa chini, kwenye mikeka. Tumeshakubaliana kikaoni. Aliyepinga ni mmoja tu, tukamwambia basi yeye asife wiki hiyo."

Mkuu akasaini. Angefanyaje? Kabla ya kutoka, Mama Viti akaniomba nakala ya orodha ya watahiniwa, majina na namba zao za kuketi. Nilidhani anataka kujua idadi. Nikampa.

Jumanne Mkuu alinituma shuleni kusimamia. Nilikwenda nimekunja uso, nikitegemea vurugu. Wapi! Saa tatu kamili watu wa chama wakatokea barabarani, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na kiti kichwani na kingine mkononi, bila kelele, kama watu waliozaliwa wakibeba viti. Mmoja anafagia ukumbi, wawili wanafuta meza, mwingine anagonga misumari iliyolegea. Hakuna aliyetoa amri na hakuna aliyeuliza afanye nini. Nimekaa kwenye vikao vya kupanga vikao, nimesoma mikakati ya kurasa themanini, sijawahi kuona kazi ikienda namna ile. Nilitamani wadau wote wa wilaya waje wasimame dirishani wajifunze adabu.

Kosa lao lilikuwa moja, la mazoea. Meza ya mbele, ya msimamizi, waliiwekea kitambaa cheupe, jagi la maji na leso sita zilizokunjwa. Mlangoni akasimama mzee mmoja wa chama, na kila mwalimu aliyeingia akampa mkono kwa majonzi: "Poleni sana. Tuko pamoja." Mwalimu mkuu akajibu "tumeshapoa" kabla hajashtuka.

Vikabaki viti vyenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kupandwa na hasira. Mama Viti alisimama katikati ya ukumbi, miwani puani, mkono mmoja orodha yangu, mkono mwingine daftari lake kuukuu, anahamisha kiti kimoja kimoja.

"Hicho hapana, kipeleke kumi na saba. Cha kumi na saba kije hamsini. Ngoja. Huyu mama yake alihamia hapa kutoka mbali, eh? Basi kile cha mkunga."

Saa nane ikagonga. "Mama Viti, viti ni viti! Vipange tumalize!"

"Dada karani," hata hakugeuka, "wewe shika fomu zako."

Saa tisa msimamizi wa mitihani akafika, mtu mrefu mwenye futi ya kupimia. Akahesabu viti: sitini na viwili. Akapima nafasi kati ya meza na meza, akatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kupumua. Kisha akasimama nyuma ya safu ya kwanza, akainama.

"Hiki nini? Kila kiti kina maandishi."

"Ni majina ya wenyewe," akasema Mama Viti.

"Wenyewe wako wapi?"

"Tumewazika."

Msimamizi akarudi nyuma hatua moja. Halafu akatoa kitabu chake cha kanuni. Chumba cha mtihani hakiruhusiwi kuwa na maandishi yoyote ambayo mtahiniwa anaweza kuyasoma, iwe ukutani au kwenye samani. "Bandikeni karatasi juu yake. La sivyo siwezi kuupitisha ukumbi huu."

"Jina la mtu aliyezikwa halibandikwi karatasi," akasema Mama Viti. Hakupandisha sauti. "Hawa si matangazo. Kama hawatakiwi, wanarudi stoo."

Na wale watu wa chama, kimya kimya kama walivyokuja, wakaanza kuinua viti.

Niliona bonde, nikaona baridi ya alfajiri, nikamwona mwanangu ameinama kando ya njia anatafuta pumzi. Mimi si mtu wa kubembeleza, waulize ofisini. Lakini nilimshika Mama Viti mkono mbele ya watu wote.

"Tafadhali. Mwanangu hatafika ng'ambo. Nakuomba."

Akanitazama. "Namjua mwanao," akasema. "Yuko thelathini na moja." Sikuelewa, na sikuwa na muda wa kuuliza.

Nje watoto walikuwa wamejipanga chini ya dirisha, wote na sweta zao za shule, wakisubiri kuonyeshwa sehemu zao. Wangu alikuwa katikati, sweta la shule limefungwa vifungo mpaka kidevuni, na jua lote lile. Nikalitazama lile sweta.

"Mama Viti, kuwafunika hutaki. Na kuwavika je?"

"Kuwavika nini?"

"Sweta. Kila mtoto avue lake, akivishe kiti chake. Si karatasi, ni nguo."

Akawatazama watoto dirishani. Watu wakasimama na viti mikononi, wanamngoja yeye. "Kumvika mtu ni heshima," akasema mwishowe. "Hilo halina ubaya."

Sote tukamgeukia msimamizi. Akafunga kitabu chake. "Mradi nisisome kitu," akasema. "Mimi sina neno."

Watoto wakaitwa ndani, kila mmoja na namba yake mkononi, wakaambiwa watafute viti vyao na kuvivika. Mwanzo zilisikika hatua tu. Kisha kijana wa namba tisa akasema kwa sauti, "Eh! Huyu ni babu yangu!" Ukumbi ukacheka. Halafu binti wa namba kumi na tatu akaweka mkono mdomoni, maana lake lilikuwa jina la bibi yake. Wa kumi na saba akasoma, akasoma tena, akaanza kukivika kiti polepole. "Huyu wangu ni nani?" akauliza mwingine, na Mama Viti akamjibu kutoka mbali, bila kutazama daftari: "Mkunga. Ndiye aliyekuzalisha wewe, siku ya mvua, mama yako hakuwa na ndugu hapa mjini."

Ndipo nikaelewa alichokuwa akifanya tangu asubuhi. Alikuwa amewatafutia watu wao wote sitini na wawili. Na mimi nilikuwa nampigia kelele viti ni viti!

Niliogopa kutazama safu ya nne. Nilitazama. Mwanangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya kiti cha thelathini na moja, anapitisha kidole kwenye herufi, moja baada ya nyingine. Kisha akavua sweta, akauvisha mgongo wa kiti, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, kama mimi ninavyomfunga yeye.

Nikamwendea haraka. "Vaa sweta wewe, kifua hicho!"

"Kesho nakaa humu humu, mama mkubwa," akasema. "Siendi popote." Macho yalikuwa yamejaa, lakini alikuwa anatabasamu. "Kumbe ulimnunulia mama kiti?"

Ningemwambiaje kwamba nilikinunua kwa hasira, kwamba nilichagua kibovu kuliko vyote dukani? Nilinyoosha mkono nikishike, maana nilikumbuka kinavyoyumba, nisije nikamwaibisha mdogo wangu mbele ya mwanawe.

Mtoto akaketi. Akajiegemeza mbele, akajiegemeza nyuma, akaweka mikono mezani.

Kiti hakikuyumba.

Nikainama kutazama. Chini ya ule mguu mfupi palikuwa na kipande cha kandambili, kimekatwa kwa usawa na kupigiliwa vizuri, bado kipya, hakijachafuka. Kandokando yake niliona matundu ya misumari ya zamani, mengi, ya vipande vingine vilivyolika na kubadilishwa, miaka yote tisa niliyokuwa nasimama msibani.

Niliinuka nikimtafuta Mama Viti nimwambie kitu. Alikuwa safu ya mwisho, amepiga magoti, anakaza msumari.