Betri Haipandi Usiku

Binti yetu alitupa wiki moja. "Mama, baba akiweza kusimamia umeme wa tela wiki nzima bila kuharibu kitu, anabaki nyumbani na wewe. Akishindwa, namtafutia nafasi kwenye nyumba ya matunzo." Huyo ndiye mtoto niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili. Nilimwambia aandae maneno ya kuniomba radhi.

Mume wangu alikuwa fundi umeme miaka thelathini na tisa, kabla kumbukumbu haijaanza kumtoroka. Tela letu la kulala, lenye kitanda, jiko na friji ndogo, alilifunga nyaya kwa mikono yake. Tukipiga kambi, umeme wote unatoka kwenye betri mbili zilizo chini ya kitanda, nazo zinachajiwa na paneli ya sola juu ya paa. Sheria ni zake. Asubuhi na jioni anasoma kipimo, anaandika volti kwenye daftari, ndipo anatangaza kinachoruhusiwa. Volti zikiwa kumi na mbili na nusu, birika la umeme ruksa. Zikikaribia kumi na mbili, hata taa ya chooni unaiomba.

"Bwana wee," nilikuwa namwambia, "umenioa mimi au umeoa betri?"

"Betri hainijibu," ananijibu.

Siku mbili za kwanza kambini alikwenda vizuri, mpaka nikaanza kujigamba kwenye simu. Siku ya tatu wingu likatanda. Akaacha feni na taa zote zikiwaka mchana kutwa, na jioni akakaa mbele ya kipimo akikitazama kama mgeni asiyemfahamu. Kwenye daftari aliandika arobaini. Alipokwenda kuoga nikazima kila kitu, nikafuta arobaini, nikaandika kumi na mbili nukta moja.

Kuanzia hapo, akiacha kitu kinawaka, nazima nyuma yake. Akiandika upuuzi, narekebisha. Binti akipiga simu, namsomea daftari. "Kumbe anaweza," alisema, na sauti yake ikalainika. Najua njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilihitaji siku saba tu.

Asubuhi ya siku ya sita niliamshwa na mluzi wake. Nikajua leo yupo. Siku za namna hiyo zilikuwa zimebaki za kuhesabu, nikainuka kwa furaha. Nilimkuta mezani, miwani puani, daftari mbele yake.

"Nani ameandika hapa?"

"Wewe, mzee. Nani mwingine?"

"Juzi jioni, kumi na mbili nukta moja. Jana asubuhi, kumi na mbili nukta nne." Aliweka kidole chini ya mstari. "Friji imefanya kazi usiku kucha, jua hakuna. Betri haipandi usiku. Hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza anajua."

Mimi sikujua. Miaka yote ile ya kugombana naye juu ya betri, sikuwahi kumuuliza zinafanyaje kazi. Nilitaka tu namba za asubuhi zipendeze.

Akafunua kurasa za nyuma, akaona palipofutwa. "Hapa niliandika nini?"

"Ni kosa dogo tu, mzee wangu."

"Niliandika nini?"

"Arobaini."

Alivua miwani. "Volti arobaini," akasema. "Tungeshaungua wote." Alicheka kidogo, kisha akafunga daftari. Nilimwambia imebaki leo na kesho tu, binti hajui wala hatajua, na mimi nitazima kila kitu nyuma yake mpaka nife.

"Na ukilala?" aliuliza.

Akachukua simu, akampigia binti yeye mwenyewe. "Mwanangu, njoo unichukue leo. Mama yako amechoka." Nilimpokonya simu, lakini binti alikuwa ameshaanza kulia, nikashindwa hata kumdanganya.

"Kwa nini leo?" nilimfokea mume wangu. "Umeshindwa kungoja hata kesho?"

Alinishika mikono yote miwili. "Kesho huenda nisikujue. Nataka nikuage nikiwa namjua ninayemuaga."

Tuliketi mlangoni tukaongea, tukalia, tukacheka, tukalia tena. Binti alifika saa tisa alasiri. Mume wangu alinijua mpaka saa nane.