Bendi Kubwa Kuliko Zote

Mchumba wangu alinionya mara tatu: kwao, anayetaka kuoa husikiliza kwanza santuri ya baba yake, pande zote mbili, kisha hutoa maoni. Wawili walikuwa wamenitangulia. Wa kwanza alisinzia. Wa pili aliuliza kama kuna kitu cha kuchezeka. Wote wawili wameshaoa kwingine.

Mimi ni fundi wa redio na spika, kwa hiyo bendi ya santuri hiyo naijua sana, na siipendi. Dunia nzima inaiabudu, magazeti yanaiita mhimili wa muziki wa roki, nami kila nikiisikia naona watu wanasifu kwa kufuata mkumbo tu. Gitaa linajikuna dakika kumi bila kupona, na mpiga ngoma anapiga kama mtu anayehamisha makabati. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilikuwa nimeapa kusifu.

Baba mtu, mwalimu mkuu mstaafu, aliniketisha katikati ya sebule, akaipangusa santuri, akaweka sindano. Mama mtu akajifungia jikoni.

Nilijiandaa kuteseka, nikashangaa. Sauti ilitoka nzito, ya taratibu, yenye huzuni ya watu wazima. Hata gitaa lilitembea kwa heshima. Mzee alifumba macho.

"Msikie huyo simba," alininong'oneza.

Ningeitikia amina, mambo yakaisha. Ila ufundi ni ugonjwa. Mwimbaji niliyemjua mimi ana sauti ya mtu mwenye mafua. Nikainama, nikachungulia ndani ya mashine: mkanda wa mota ulikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimelegea, kinateleza.

"Baba, mashine yako inakwenda polepole. Mkanda huu aliuweka nani?"

"Mimi mwenyewe. Wa kwanza ulikatika siku niliyoinunua, hata sijaweka santuri. Huo una miaka thelathini, haujanisumbua."

"Na bendi hii hujawahi kuisikia redioni?"

"Redioni wanaikimbiza."

Mkanda halisi nilikuwa nao mkobani. Kabla akili haijauwahi mkono, nilikuwa nimeshaufunga.

Simba akageuka kijana mwenye pua iliyoziba, anaimba kama anayewahi msalani. Gitaa likaanza kujikuna. Mlango wa jikoni ukafunguka, mama mtu akatokea na mwiko mkononi, mabega yanacheza.

"Hawa ndio wale wale?" aliuliza. "Jamani, miaka thelathini nawachukia watu wasio na kosa."

"Umewaharibu," mzee akaniambia.

"Sijawagusa, baba. Ndivyo walivyo."

Mchumba wangu, aliyekuwa amesimama kwenye korido, alishika kichwa.

Upande ulipokwisha mzee aliinua sindano. Uso ulikuwa umemshuka mpaka nikamwonea huruma, nikautukana moyoni mkono wangu pamoja na mkoba wake.

"Wewe ni fundi," alisema. "Niambie kweli. Ni bendi ya kawaida?"

Uongo mmoja tu ungenipa mke. Niliutafuta, nikaupata, nikaufikisha hadi kwenye ulimi, ukagoma.

"Ya kawaida, baba. Imesifiwa kupita kiasi. Ile uliyokuwa unaisikiliza wewe ni nzuri kweli, hata mimi imenigusa. Lakini hiyo haipo kwingine popote. Ni hawa vijana pamoja na tyubu yako."

Mama mtu alirudi jikoni kimyakimya. Nikaanza kukusanya vifaa vyangu, nikijihesabu kuwa wa tatu, na kwa kweli niliumia, maana yule binti nilimpenda.

Mzee akainama kwa shida, akakiokota kile kipande cha tyubu sakafuni, akakipuliza vumbi, akaniwekea kiganjani.

"Binti yangu atahitaji mtu wa kumwambia kweli," alisema. "Mimi nirudishie bendi yangu."