Kambare wa Jabia ya Langoni

Bi Umulkheir aliinama uani kwake Langoni, juu ya jabia, lile tangi la mawe la kuwekea maji ya mvua, akachota kwa kata. Ndani ya kata viluwiluwi vya mbu vilijipinda na kujikunjua. Akavimwaga haraka, Amal asije akaviona.

Amal, mjukuu wake, alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilitoka kwa malaria huko Faza, ndiyo maana safari hii akaletwa kwa bibi, awe karibu na hospitali. Na sasa mbu wanazaliwa hatua kumi kutoka kitandani kwake!

Kosa lilikuwa la Bi Umulkheir mwenyewe. Tangu utotoni alijua kuwa jabia hulindwa na samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Hata kitendawili alikitunga: "Nina askari ndani, hawalali, hawanywi chai, wala hawaombi likizo." Mwaka jana walipopungua, alimwagiza mpangaji wake, Mwalimu Patroba, amletee wengine kutoka ziwani Mpeketoni. Patroba akaja na chupa ya perege wachanga na kidude kimoja chenye masharubu.

"Hiki ni kambare, Bi. Nitakitupa."

"Ukitupe kwani kimekukosea nini? Kina masharubu, hiki ndicho sheha wao," akasema, akamimina wote.

Sasa sheha amefikia urefu wa mkono, na raia hawaonekani. Kumwaga maji hakuwezekani. Kisima kimeingia chumvi na mvua bado iko mbali. Ukimfuata kwa kimia, ule wavu mdogo, anajichomeka kwenye ufa wa mawe.

Tangu asubuhi ile jirani yake, Bwana Khatib, mvuvi wa baharini, alikuwa ameshinda hapo na mshipi wake na chambo cha ngisi. Hakupata kitu.

"Huyu si samaki, Bi Umu. Ni jini."

"Jini gani? Ndoana yako hiyo ni ya kufungia punda!"

Alasiri Patroba alirudi kutoka shule, akaitazama ndoana, akacheka. "Hii haimwingii mdomoni, Bwana Khatib. Tena kambare hawindi kwa macho. Hunusa na kupapasa kwa masharubu, na hutoka gizani."

"Basi tungoje usiku?"

"Tutamletea usiku wake."

Wakatandika mkeka juu ya jabia, wakaacha upenyo wa mkono tu. Patroba akatia ini la kuku kwenye ndoana ndogo, akampa Bi Umulkheir mshipi. "Shika wewe, mkono wako mwepesi. Akigusa usivute, anaonja. Ngoja mshipi uondoke wenyewe."

Mara mshipi ukagutuka, tiki, tiki.

"Vuta, Bi Umu! Vuta!" akanong'ona Khatib.

"Nyamaa wewe!"

Tiki tena. Akimkosa huyu, hatarudi kwenye chambo leo wala kesho, na Amal analala pale. Kisha mshipi ukaanza kwenda, taratibu, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Akavuta. Maji yakapasuka, mkeka ukaruka, kambare mweusi, mtelezi, akaanguka sakafuni akijipigapiga. Khatib akamfunika kwa ndoo.

"Alhamdulillahi," Bi Umulkheir akasema, lakini moyo haukutulia. "Na askari wangu? Amewamaliza?"

"Bibi," sauti ya Amal ikatoka mlangoni, "viluwiluwi nimeviona tangu Jumatatu. Nimelala ndani ya chandarua kila siku, na maji nayachuja. Nilikuwa nakuficha wewe usihangaike."

Patroba akamwita Bi Umulkheir jabiani. Kutoka kwenye ufa mwembamba, ambao kambare asingeweza kupenya, alijitokeza perege mmoja, mashavu yamemvimba.

"Anaumwa huyu?"

"Hapana, Bi. Ni jike. Watoto wake amewabeba mdomoni, mpaka aone kuna usalama."

Wakainama wakitazama. Perege akafungua mdomo, na wadogo kama punje za mtama wakatawanyika majini.

Bi Umulkheir akaketi chini pale pale, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Khatib, chukua kambare wako."

"Mimi? Nipite naye Langoni, watu waniulize amevuliwa na nani?"

"Waambie ukweli. Wakikataa kuamini, waje waniulize mimi."