Nikaha kwa Jina la Fatu

Siku nne kabla ya nikaha yake, Rufaida alishindwa kushona. Alikaa mbele ya cherehani yake nyumbani kwao Shela, Malindi, na buibui la mteja mapajani, lakini sindano haikushuka hata mara moja. Asubuhi hiyo mchumba wake Mujahid, fundi wa umeme kutoka Mambrui, alikuwa amempigia simu kwa furaha. Alimwambia kuwa imamu anataka vyeti vyao. Na kwa kuwa Rufaida si raia, bali mkaazi wa kudumu, baada ya harusi wangekwenda pamoja ofisi ya uhamiaji faili lake lirekebishwe, aandikwe kuwa ameolewa. Rufaida aliitikia haya, akaagana naye.

Vyeti alikuwa navyo, ila vilikuwa vya dada yake aliyekufa.

Baba yake, Mzee Zubeir, fundi wa majokofu, alihamia Malindi kutoka Mukalla, Yemen, akapata kibali cha kuishi kwa kudumu. Baada ya miaka michache akapata karatasi za kumleta mkewe na binti yake mkubwa, Fatu, aliyekuwa na miaka minane. Rufaida, wa miaka mitano, angebaki kwa bibi yake mpaka zake zitoke. Kabla hawajasafiri homa iliingia nyumbani. Ilimchukua mama, na siku sita baadaye ikamchukua Fatu. Mzee Zubeir alipofika kwa matanga alimkuta mtoto amekonda, na bibi ambaye macho yalikuwa yameshampotea. Akamchukua Rufaida kwa karatasi za dada yake. Safari nzima alimrudia neno moja, kwamba akiulizwa, yeye ni Fatu.

Hapo palipita miaka kumi na tisa. Malindi nzima ilimjua kwa jina la Fatu, na kadi yake ilimzidishia miaka mitatu. Mara moja, kwenye kizuizi cha Mtwapa, askari aliitazama kadi, akamtazama yeye, akasema anaonekana mdogo kuliko umri wake. Alimrudishia akicheka. Rufaida hakula siku mbili.

Jioni ya siku ile ya simu alimwambia baba yake kwamba hawezi kuolewa kwa jina la marehemu. Mzee Zubeir aliuweka chini uma, akazungumza polepole.

"Ukisema, mimi nitafungwa na wewe utarudishwa. Utarudi kwa nani, mwanangu? Bibi yako naye amekwisha kufa."

 Rufaida alijua baba hamtishi, naye anaogopa. Lakini lililomtetemesha zaidi ni lile neno la nikaha lenyewe: litajwe jina la aliye kaburini, halafu yeye akalale nyumba ya mtu kama mkewe. Usiku kucha hakufumba macho.

Kesho yake alikwenda Mambrui, akamweleza Mujahid mbele ya mama yake, Bi Mwanatumu. Alieleza yote bila kuinua uso. Mujahid alimuuliza kitu kimoja tu, angemwambia lini kama imamu asingetaka vyeti. Bila kungoja jibu, Mujahid aliinuka akatoka nje, na hakurudi mpaka mgeni wake alipoondoka.

Siku mbili simu haikulia. Kila pikipiki iliyosimama mlangoni, Rufaida alidhani ni polisi. Alitia nguo chache katika mkoba na dawa za presha za baba yake, wasije wakachukuliwa mikono mitupu. Baba naye hakwenda kazini. Walikaa chumba kimoja wakisikiliza njia, kila mmoja akijifanya hasikilizi.

Bodaboda iliyosimama mwisho ilimleta Bi Mwanatumu, peke yake. Rufaida alimwamkia shikamoo, akamkaribisha ndani. Mama yule alikaa mkekani, akamshika mkono.

"Mwanangu anaogopa kama wewe," alisema. "Lakini amesema anamuoa aliye hai, kwa jina lake. Kama hilo baba yako haliwezi, basi hakuna harusi."

Mzee Zubeir alikuwa mlangoni. Alisikia yote.

Nikaha ilifungwa sebuleni kwao. Rufaida alikaa chumba cha pili na wanawake, pazia katikati. Imamu alikuwa amekwisha kuelezwa. Ilipofika zamu ya baba kutamka, pakawa kimya. Kimya kilirefuka hata mtu akakohoa. Rufaida aliamini kwamba baba yake atasema Fatu, au atainuka aondoke. Kisha akaisikia ile sauti, nyembamba kuliko kawaida: anamuoza binti yake Rufaida. Wanawake walitazamana. Mmoja alimuuliza mwenzake Rufaida ni nani.

Sasa cheti cha ndoa kilikuwa na jina moja na cheti cha ukaazi kina jingine, na hapakuwa na pa kurudi. Jumatatu walikwenda uhamiaji, watatu. Afisa aliyewapokea alikuwa mama wa makamo aitwaye Jedida. Alivisoma vyeti, akauliza huyu Fatu ni nani. Kabla Rufaida hajafungua mdomo, baba yake alitangulia.

"Fatu alikufa. Huyu ni mdogo wake, alikuwa na miaka mitano, hakujua lolote. Aliyesema uongo ni mimi. Niandike mimi."

Jedida alivichukua vyeti vyote, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Walingoja kwa muda wa saa tatu. Mujahid alimshika Rufaida kiganja. Kila mlango ulipofunguliwa, Mzee Zubeir alisimama kama aliyeitwa.

Hawakufungwa siku ile. Baba aliandika maelezo chini ya kiapo, akaamriwa kuripoti kila wiki. Rufaida alipewa karatasi moja tu ya kuonyesha kuwa vyeti vyake vimeshikwa. Miezi mitano hakwenda Watamu wala Mtwapa, akichelea kuulizwa. Alihamia kwa mumewe akiwa na mkoba ule ule, na hakuthubutu kutoa vyote vilivyokuwa ndani yake.

Ulipoingia mwezi wa sita waliitwa. Mzee Zubeir alipewa onyo la maandishi, akaachiwa kibali chake. Rufaida aliruhusiwa kubaki na kuomba upya, kwa jina lake na umri wake, kama binti wa mkaazi na mke wa raia. Cheti kipya kingechukua muda, na hakuna aliyemwahidi kitu. Hofu haikumtoka yote, ila usiku ule alilala mpaka alfajiri.

Kabla hawajatoka uhamiaji siku hiyo, Jedida alimwomba mzee tarehe ya kufa kwa Fatu, afunge faili la zamani. Mzee Zubeir aliitaja siku, mwezi na mwaka bila kufikiri, kisha akaanza kulia pale pale kaunta. Miaka yote hiyo hakuwahi kumlilia, maana kwa watu Fatu alikuwa hai.

Ijumaa iliyofuata walimsomea Fatu khitma, Shela, majirani wakaalikwa, na kila aliyeingia mlangoni aliambiwa anaombewa nani.