Tulia Kidogo, Baba

Mzee Teodori alikuwa mtu wa kusikiliza wataalamu. Bwana shamba akisema mbaazi zipandwe kwa mstari, zinapandwa kwa mstari. Daktari akikataza chumvi, chumvi inahama nyumba. Basi binti yake Bernadina aliporudi kwao Singe na antena na kompyuta, akamwomba akae kitini bila kutikisika, Babati nzima hakukuwa na mtu wa kukaa kama yeye.

Utafiti wa uzamivu wa Bernadina ulikuwa huu: mawimbi yaleyale yanayotuletea intaneti hugonga kifua cha mtu na kurudi, na kifua kikipanda na kushuka, nayo hubadilika kidogo mno. Alikuwa anaifundisha akili mnemba kuyasoma mabadiliko hayo, ili mzee anayeishi peke yake akizidiwa, mashine imwitie msaada. Wazo zuri, nani abishe? Tatizo lilikuwa kelele. Upepo ukitikisa bati, kuku akikatiza sebuleni, vyote viliingia kwenye mawimbi. Kwa hiyo kitu cha kwanza alichoifundisha ni kutupa kelele.

"Tulia kidogo, Baba. Ukijikuna tu, naanza upya."

"Sijikuni, mama. Wewe endelea."

Bernadina alikaa chumba cha pili na kompyuta yake, mzee sebuleni, mikono juu ya magoti, amenyooka kama anapigwa picha ya kitambulisho. Siku moja jirani yao, Mama Vailet, alipiga hodi, akasalimia, "Shikamoo, Baba Bernadina!" Kimya. Akaondoka akinung'unika kwamba mzee siku hizi ana maringo. Jioni baba na mwana walicheka mpaka machozi. Kanisani mzee aliwaambia watu, "Mimi na Bernadina tunasoma." Hakuwa anatania. Alijiona naye yumo.

Asubuhi ile Bernadina alikuwa na haraka, maana msimamizi wake chuoni alikuwa anasubiri sura ya mwisho. Mstari wa pumzi ya baba yake kwenye kioo cha kompyuta ukaanza kuyumba. Ukapanda ovyo, ukakwama, ukapanda tena. Programu ikasema ni kelele, ikauficha, kama ilivyofundishwa. Yeye aliuona kabla haujafichwa. Akadhani ni kuku. Kuku! Kuku gani wa kuyumbisha pumzi ya mtu namna ile? Mlango ulikuwa wazi, alihitaji kugeuza shingo tu. Hakugeuza. Badala yake akaita, na hili ndilo linalomkaba mpaka leo: "Baba, tulia basi, tunakaribia kumaliza."

Na mzee akatulia.

Alipokwenda kumwambia ainuke, alimkuta mdomo umepinda na mkono wa kulia unaning'inia. Wa kushoto ulikuwa bado juu ya goti, vidole vimenyooka, jinsi alivyomwelekeza.

Hospitalini waliambiwa ni kiharusi. Daktari akaongeza kwa upole kwamba siku nyingine wawahi zaidi. Bernadina alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia bila kujali nani anamwangalia.

Ule mstari haukuwa umefutika. Miezi ilipopita aliufungua, akamwonyesha msimamizi wake. Msimamizi akasema rekodi kama ile hakuna aliyenayo, itawasaidia wazee wengine, aitumie. Bernadina akamwomba baba yake ruhusa. Mzee aliitikia kwa kichwa kabla sentensi haijaisha. Lini aliwahi kumnyima kitu?

Siku ya kutetea utafiti wake, programu mpya iliutambua ugonjwa mara tu mstari ulipoanza kuyumba. Watahini wakasifu. Mmoja akauliza ilikuwaje mgonjwa asiite mtu.

"Mshiriki alikuwa ameelekezwa kutulia," Bernadina alijibu.

Wakaandika, wakaendelea na swali jingine.

Nyumbani Singe alipokewa kwa vigelegele. Mbuzi akachinjwa, Mama Vailet akamrukia shingoni akimwita daktari, na kila "daktari" aliyoisikia ilimchoma. Wageni walipohamia uani kula, akaingia sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Shikamoo, Baba."

"Ma… marahaba, mama."

"Baba, siku ile uliumwa. Kwa nini hukuniita?"

Mzee alihangaika na ulimi wake. Bernadina akasubiri, safari hii bila haraka yoyote, lakini haraka ilikuwa imeshafanya kazi yake.

"Uli… ulisema nitulie." Akapumzika. Macho yalikuwa na wasiwasi, kama ya mwanafunzi anayengoja matokeo. "Nilikaa… vizuri?"

Alitaka kumwambia hapana. Alitaka kumwambia angepiga kelele, angepindua kiti, angeharibu kila kitu.

"Ulikaa vizuri sana, Baba," alisema, na mzee akatabasamu kwa upande wa uso uliobaki mzima.