Walionichelewesha Njia ya Kilambo

Siku ile watu wa njia ya Kilambo walinikera kuliko makuli wote wa bandari ya Mtwara, na makuli nawajua vizuri maana mimi ni mmoja wao.

Ilikuwa masika ya mwaka sitini na nane. Salamu zilinifikia bandarini kwamba mama yangu hajiwezi, nami ndiye mwanawe wa pekee. Kwetu ni mbele ya Kilambo, Ruvuma inapokaribia bahari. Mvua ilikuwa imekata barabara na hakuna dereva wa lori aliyethubutu. Nikaomba ruhusa, nikakunja suruali, nikashika njia kwa miguu. Nilitaka jambo moja tu, kumwona mama angali anaweza kunitambua.

Nililala njiani, na alfajiri nikaanza tena. Saa nne hivi, matope yakiwa yamenifika magotini, niliomba maji kwenye nyumba ya kwanza ya kijiji nisichokijua. Mwenye nyumba, mtu wa makamo aitwaye Salumu, alinitazama sana.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Mbele ya Kilambo. Mama yangu, Bi Somoe, anaumwa."

"Na wewe ni nani?"

"Ismaili."

Akaniambia nikae, akaingia uani. Nikasikia watu wakinong'ona huko, kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa na kufungwa. Mkewe, Rehema, akaniletea maji ya kunawa miguu, halafu ugali wa muhogo na samaki wa kuchoma. Nikamwambia nina haraka.

"Kula kwanza, shemeji," akasema, akasimama pale pale mpaka nilipomaliza.

Nilipoinuka, Salumu naye alikuwa amejifunga msuli vizuri na kushika fimbo. Alisema ana safari ya huko huko. Sikumwamini, lakini njia si yangu.

Basi tukaenda. Kila kijiji tulichokipita, watu walikuwa wamesimama njiani kama wanaotungoja. Mama mmoja alinishikisha mahindi ya kuchemsha. Wengine walinipasulia dafu. Wanaume walinipa mkono na kuchelewa kuuachia, wakisema "pole na safari" kwa sauti za chini. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya nne damu ilinichemka.

"Bwana Salumu," nikasema, "watu wa huku hawana mashamba? Mama yangu akifa huku mimi natafuna mahindi yao, sitawasamehe."

Alinipokea furushi langu akatangulia mbele, nami nikamfuata huku nikibwata njia nzima.

Tuliingia kwetu alasiri. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba yetu, na jeneza la msikitini lilikuwa ukutani. Mohamedi, jirani yetu, akanijia akiwa na matope hadi kiunoni, akanikumbatia, akanieleza yote.

Mama alifariki jana yake jioni. Alfajiri Mohamedi alitumwa Mtwara kunipa habari, na nilipoomba maji kwa Salumu, yeye alikuwa uani kwake akipumzika. Salumu ndiye aliyemtoa kwa mlango wa nyuma, akamwambia apite kwenye mikorosho, akimbie, awaambie wasizike, mwanawe yuko njiani. Na kila kijiji akipitacho aseme kwamba mfiwa anapita na bado hajui, asiambiwe.

Nilimshika Salumu shati kifuani.

"Ulijua. Ulijua tangu asubuhi."

"Nilijua."

"Na ukanilisha samaki."

"Ningekwambia kule, ungetembea muda wa saa sita na msiba kichwani," akasema, bila kuniondoa mkono. "Asubuhi ile ulikuwa bado una mama, kaka. Mimi nani nikunyang'anye?"

Nilikuwa na hasira ya kumpiga, wallahi. Lakini nikamwachia shati.

Wakaniita ndani, wakanifungulia uso wa mama. Wangemzika baada ya adhuhuri bila kuchelewa, kama ilivyo desturi, nisingeuona tena. Alionekana amechoka tu. Nilimwita mara mbili kisha nikalia mpaka wanawake wakanitoa.

Makaburini shehe aliuliza nani watashuka kaburini kumpokea. Kwetu hiyo ni kazi ya ndugu wa damu. Nilishuka mimi, akatakiwa wa pili. Wajomba zangu walikuwa wamekwisha kufa, na kaka sina. Watu wakatazamana. Nikainua macho nikamwona Salumu nyuma ya wote, amesimama na furushi langu mkononi, hajui aliweke wapi.

"Yule pale," nikasema.

"Ni nani kwa marehemu?" shehe akauliza.

"Ni kaka yangu."

Hakuna aliyebisha. Salumu alimpa Mohamedi furushi, akavua viatu, akashuka. Yeye akashika upande wa miguu, mimi nikashika kichwa, tukamlaza mama.