Siku Ukuta wa Mbele Ulipopakwa Chokaa

Eugène alitaka nyumba iuzwe kabla mvua za Septemba hazijashika, kwa sababu bati la baba yao lilivuja, na hakuna mnunuzi agunduaye bati livujalo wakati wa kiangazi. Alimpigia simu dada yake mkubwa, Yaya Dorothée, kutoka Uvira, akamwagiza aitayarishe: azibe nyufa, afyeke uani, apake chokaa. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana, Bertin, mfanyabiashara wa dhahabu wa Misisi, aliyetaka kujenga karibu na ziwa hapa Baraka. Kuhusu Dorothée mwenyewe, ambaye alikuwa akiishi katika nyumba hiyo tangu alipofiwa na mume, familia ilikuwa imekaa na kuamua kwamba atapewa chumba kwa Eugène, kile kilichopakana na jenereta. Familia iliyokaa ilikuwa ya wanaume watatu. Dorothée aliarifiwa uamuzi wao kama watu wanavyoarifiwa kwamba daraja limevunjika.

Aliitayarisha nyumba. Jambo hilo lilimsikitisha jirani yake, Mama Félicité, aliyekuwa ametarajia ugomvi na tayari amejiwekea kigoda kando ya ua ili asipitwe na lolote. Nyufa zilizibwa kwa udongo uliokandwa na majivu. Milango ilisuguliwa. Chokaa ililowekwa katika pipa, ikatokota, ikapoa, ikapakwa kuta tatu za nje. Ukuta wa nne, uliotazama barabara, haukuguswa, kwa maana uliandikwa kwa herufi nyeusi zenye urefu wa mkono: NYUMBA HII HAIUZWI.

Mgeni akipita Baraka na kusoma kuta zake angedhani amefika katika mji wa watu wasiopenda kuuza. Ukweli ni kinyume. Ni mji ambamo nyumba yaweza kuuzwa na mpwa, na shemeji, na mpangaji, na mtu aliyewahi kulala humo wakati wa mvua, ilhali mwenye nyumba amekwenda shamba. Mzee Wilondja, baba wa Dorothée na Eugène, alilifahamu hilo kuliko wengi. Vita vilipomvusha ziwa na wanawe hadi kambini Tanzania, binamu yake aliyebaki aliiuza nyumba kwa watu wawili, kila mmoja na hati yake yenye muhuri. Mzee aliporudi ilimchukua miaka kuwatoa. Siku alipoondoka wa mwisho, alinunua kopo la rangi. Hakuwa msemaji, na maneno hayo matatu yalimtosha hadi kufa kwake.

Eugène aliwasili Ijumaa akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alizunguka nyumba, akaridhika mara tatu, kisha akasimama barabarani.

"Yaya, umetumika kazi muzuri. Lakini huu ukuta? Bertin anakuya kesho. Atasoma vile, atarudia Misisi."

"Kama anajua kusoma, ni bahati yake."

"Yaya, pakaa chokaa."

"Ile kuta tatu ilikuwa inaomba chokaa, nimeipatia," alisema Dorothée. "Hii aliandika baba. Mukono yangu haitaifuta. Na weye uko na mukono."

"Mbili, hata," alisema Mama Félicité kutoka kigodani.

"Mama Félicité, hii ni maneno ya familia."

"Njo maana nimekaa huku ingine ya ua, baba."

Eugène alivua shati. Alipaka, weusi ukaonekana chini ya weupe. Akapaka tena, ukapungua. Akaendelea kwa ukaidi wa mtu anayetazamwa, hata ukuta ukawa mweupe kama sahani na pipa likabaki na maji ya rangi ya maziwa.

"Unakumbuka juu ya nini baba aliandika?" aliuliza Dorothée.

"Ile ilikuwa wakati ya vita. Leo kuko serikali."

Dorothée, ambaye aliamini mambo mengi yasiyoonekana, aliona hilo limezidi imani yake, akaingia ndani kusonga bugali.

Asubuhi mji ulikuwa umekwisha kuusoma ukuta. Neno lililokaa miaka yote mbele ya macho ya watu, likitoweka, kila mtu huelewa kwamba wenye nyumba wamelegea. Kabla chai haijapoa, uani alikuwamo kijana aitwaye Dieumerci, komisioneri kwa kazi, yaani mtu anayetafutia wanunuzi nyumba zisizo zake na kula pande zote mbili. Alikuwa na mama mmoja mchuuzi wa samaki, mzito wa mwili na wa uamuzi, aliyeshuka chombo kutoka Kazimia.

"Mama, sikia upepo! Ya ziwa, na ya bure."

"Nani amekutuma?" aliuliza Dorothée.

"Mwenyewe wa nyumba."

"Mwenyewe wa nyumba niko namukaangia mayai hapa ndani."

"Si ule," alisema Dieumerci kwa subira. "Mutoto wa ule binamu ya baba yenu. Alipita jana, akaona mumefuta. Akasema, basi, familia imekubali."

"Na miye nimekwisha kumupa feza ya kwanza," alisema mama wa samaki. "Sitoki hapa." Akaweka kikapu kizingitini, akakaa juu yake, na kizingiti kikawa chake.

Eugène alitoka na kinywa kimejaa. Hakuwa amemeza bado, akaona kona ya pili ya uani shemasi wa kanisa dogo la maombi akivuta kamba kutoka ukutani hadi chooni. Shemasi alieleza kwa upole kwamba anapima mahali pa mimbari, na kwamba alikuwa amepatana na mjomba wa Eugène, mmojawapo wa wale watatu waliokaa.

"Mjomba?" alisema Eugène. "Lakini tulikubaliana pamoja!"

"Mulikubaliana kuuzisha," alisema Dorothée. "Amefanya kama mulivyosema."

Bertin alifika juu ya pikipiki yake. Hakushuka. Alitazama kikapu, akatazama kamba, akatazama ukuta mweupe.

"Muuzishaji ni nani?"

Wakajibu watatu kwa pamoja: Eugène, Dieumerci na shemasi.

"Kule Misisi," alisema Bertin, "shimo ya zahabu yenye bantu batatu banasema ni yabo, hatuingiyake. Si mawe njo inaua mule." Akamwamkia Dorothée kwa heshima, akageuza pikipiki, akaenda zake.

Eugène alibaki akilitazama vumbi. Kisha akamwendea dada yake, akashusha sauti.

"Yaya, ile rangi ya baba. Najua unayo."

Alikuwa nayo chini ya kitanda, na kwa kuwa hakuwahi kuwaamini wanaume watatu wanapokaa, alikuwa ameilegeza kwa petroli tangu Jumatatu.

"Andika weye," alisema.

"Muandiko yangu bantu batajua ni ya leo. Yako inafanana na ya baba. Yaya, nakuomba, fanya mbio. Ule mama ameanza kuteka maji."

Kweli mama wa samaki alikuwa ametwaa ndoo.

Dorothée alivuta kigoda chake mwenyewe hadi ukutani, akapanda, akaandika bila haraka. NYUMBA HII HAIUZWI. Dieumerci aliyaona maneno hayo, akajikohoza, akakumbuka miadi. Mama wa samaki alimwona akikumbuka, akaitupa ndoo, akamfuata akidai chake kwa sauti iliyosikika sokoni. Shemasi alikunja kamba. Uani pakatulia, lakini Dorothée hakushuka. Alisogeza kigoda, akachovya tena, akaongeza mstari ambao baba yake hakuwa ameuona kuwa wa lazima.

Mama Félicité alisimama ili asome vizuri, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Hata. Na. Eugène."

"Yaya! Umeniandika jina?"

"Nimekuandika."

"Barabarani? Bantu ya Uvira banapitaka hapa!"

"Basi batakuwa banajua."

"Toa. Pakaa chokaa pale juu ya jina, pale tu."

"Leta chokaa."

Eugène alikwenda mbio hadi kwenye pipa, akainama, akabaki ameinama.

"Imeisha," alisema.

"Weye njo uliimaliza." Dorothée alishuka, akafunika kopo la rangi, akakigonga kifuniko kwa kiganja mpaka kikakaza. "Lakini misumari iko, na nyundo iko nyuma ya mulango. Ulisema nyumba itayarishwe mbele ya mvua. Panda juu, kuko bati inavuja."

Eugène alitazama barabara. Gari la Uvira lilikuwa limekwisha kuondoka. Akavua shati kwa mara ya pili, akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa baba yake, pembeni kidogo ya jina lake mwenyewe, akapanda. Na Mama Félicité akakihamisha kigoda chake mahali ambapo aliweza kuona paa.